Kebo Yangu Haikunywa Maji

Shule niliacha darasa la nne. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie vyeti. Kazi ya nyaya niliiokota nikiwabebea wengine vifaa kwenye nguzo za simu, na kufikia mwisho wa miaka ya tisini, mtu akitaka waya upite chini ya ardhi mjini Kakamega, aliniita mimi.

Ushirika mmoja wa wakulima wa miwa ulikuwa na ofisi upande huu wa barabara na stoo ya mbolea upande wa pili. Walinunua kompyuta, wakataka ofisi ione magunia yaliyobaki stoo bila kutuma mtu. Mtaro nilichimba mimi. Kebo nikaipitisha ndani ya bomba, nikafukia. Kisha injinia akaja kutoka Nairobi na swichi mbili, visanduku vya kuunganisha kompyuta, kila upande moja. Mashine za ofisi zilikuwa na ukoo wao wa namba, za stoo ukoo wao. Swichi ile haikujua ukoo wa jirani mpaka uiandikie kwa mkono: anayekwenda kwa wale, apite mlango huu. Injinia aliandika, stoo ikaonekana, akaenda zake.

Kesho yake mvua ilinyesha, stoo ikapotea. Injinia akarudi, akaandika yote upya kutoka kwenye karatasi yake hata kabla ya kupewa chai, stoo ikarudi. Mvua ikanyesha, ikapotea tena. Safari hii alimsomea meneja ile karatasi kwa simu, stoo ikarudi, kisha akatoa hukumu: jua likiwaka inafanya, mvua ikija inakataa, basi kebo inavuja. Meneja akaagiza mtaro ufukuliwe Ijumaa.

Mtaro ule ulipita mbele ya soko. Ukifukuliwa watu wakitazama, nani angeniita tena? Mwenye cheti huonyesha cheti. Mimi nilikuwa na jina tu.

Nikaenda kukaa kwenye benchi ya ofisi, nione stoo inapoteaje. Kwetu mvua huja alasiri, na radi hutangulia. Siku ya pili yake radi ilinguruma mbali, upande wa Kabras. Karani, mama wa makamo, aliinuka bila hata kutazama dirisha, akachomoa plagi zote ukutani: kompyuta, redio, birika, na swichi.

"Mama, na hiyo pia unachomoanga?"

"Sasa niache radi ichome mali ya ushirika? Kwetu iliua ng'ombe wawili kwa mpigo mmoja. Wewe endelea kuatamia benchi."

Mvua ile haikufika mjini, hata tone. Alipochomeka tena, stoo haikuonekana. Nikaenda nyumbani kungoja Ijumaa.

Ijumaa asubuhi jua lilikuwa kali. Watu wanne wenye majembe walisimama mlangoni. Meneja alikuwepo, na injinia pia.

"Mzee, kubali tu," injinia alisema. "Kebo yako inakunywa maji."

"Kebo si ng'ombe. Andika vitu vyako."

Akaandika. Stoo ikaonekana. Nikanyoosha mkono, nikachomoa plagi ya swichi, nikairudisha. Tukangoja iamke. Stoo haikuwepo.

"Haya. Maji yametoka wapi?"

Injinia alisogea kwenye skrini, akasoma orodha ya amri zake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mengine yote aliyahifadhi. Ile njia ya kwenda stoo aliiongeza mwisho, na hakuiamuru swichi iiweke. Stima ikikatwa, swichi inaisahau. Halafu akamgeukia karani.

"Lakini nyinyi watu mnachomoaje swichi?"

"Kijana, wewe hujakaa hapa msimu wa mvua," karani akamjibu.

Nikamwambia injinia anipishe kiti. Alisoma, nikaandika kwa kidole kimoja: ukoo wa stoo, kisha namba ya mlango. Nukta za kati ya namba nilizihesabu mara mbili. Mwisho, lile neno la kuhifadhi. Nikachomoa, nikachomeka. Magunia yote ya stoo yalirudi kwenye skrini.

Meneja aliniuliza nilisomea wapi haya. Nikamwonyesha benchi yake.

Injinia hakuomba radhi, nami sikumdai. Wenye majembe walikuwa bado wamesimama mlangoni, wakauliza waanzie wapi kuchimba. Niliwaambia warudishe majembe, walete mafyekeo. Nyasi juu ya mtaro wangu zilikuwa zimerefuka.