Pua ya Fundi Gundi

Karakana ya binti yangu ndiyo sebule yetu. Kochi lipo, lakini mara nyingi utalikuta limelaliwa na gita. Ukutani, pale ambapo wenzetu hutundika picha za familia, yananing'inia magita yasiyo na nyuzi, na mengine hayana hata shingo. Wageni wangu mimi nawapitisha mlango wa nyuma, tunakaa jikoni.

Mtaani wanamwita Fundi Gundi. Jina lilianza siku nilipomtuma aniwakilishe kwenye mkutano wa wazazi, shuleni kwa mdogo wake. Alikwenda vidole viwili vimegandana, akawa anasalimia watu kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi kila kiti. Ni mwanangu wa kwanza. Ni mtu mzima sasa, ana mvi tatu nne ambazo huzing'oa mbele ya kioo akidhani simwoni. Hajaolewa. Akiulizwa husema kazi ilishaleta posa, kisha hunitazama kwa pembe ya jicho aone kama nimenuna.

Hutengeneza gita la namna yoyote, ila kilichompa jina ni kitu kimoja kidogo. Ukitazama gita la mbao, kando ya lile tundu kuna kipande chembamba kimebandikwa, umbo lake kama tone la maji. Kinazuia kucha za mpigaji zisikwaruze mbao. Mafundi wana jina lao la kigeni. Sisi nyumbani tunakiita ngao. Kwenye magita ya zamani ngao hizo zilikuwa na rangi ya ng'amba, yule kasa mwenye gamba la madoadoa: kahawia, wekundu ulioiva, na vijito vya asali ambavyo huvioni mpaka uinue kwenye mwanga. Nyingi si gamba la kweli. Ni seluloidi, plastiki ya kizamani, iliyopikwa ifanane na gamba. Mpya zinauzwa, lakini madoa yake yamegongwa kama muhuri, hili pacha wa lile, na mtu mwenye gita la baba yake hataki hizo.

Binti yangu alikuwa na za zamani. Fundi aliyemfundisha kazi, alipozeeka na wanawe wakaja kumchukua, alimwachia sanduku la bati lenye mabamba ya seluloidi ya rangi hiyo, yaliyotoka katika kiwanda cha vitana kilichofungwa kitambo. Alimwachia na wosia: usiyaache juani, usiyakaribishe moto, yafunike vizuri. Binti yangu ni mtu wa kushika neno. Kila bamba alilivika kitambaa, akayapanga sandukuni, akafunga kifuniko na kukizungushia mkanda wa plastiki hata mdudu asipate pa kupenya. Yale mabamba ndiyo yaliyomfanya aitwe fundi na watu wasiomjua. Walikuja kutoka mbali wakiwa wameshika ngao zilizovunjika ndani ya bahasha, kama wanaoleta kipande cha jino.

Mimi niliogopa sanduku lile tangu siku ya kwanza, kwa sababu niliambiwa seluloidi hushika moto kuliko karatasi. Lakini mimi ni mtu wa hofu, sikatai. Mtoto akichelewa kurudi nusu saa, nimeshamzika na kupokea rambirambi. Wanangu wamezoea. Wamejifunza kunijibu bila kunisikiliza.

Mwaka huu alikuja mzee mmoja aliyewahi kupiga kwenye bendi, mwembamba, kofia imeegemea sikio. Ngao ya gita lake ilikuwa imejikunja pembeni kama jani kavu. Binti yangu alinieleza, maana hupenda kunieleza: seluloidi ikizeeka hunywea, na kwa kuwa zamani viwandani waliibandika juu ya mbao tupu, ikinywea huivuta mbao pamoja nayo. Kweli, kando ya ngao palikuwa na ufa wa kuingia ukucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hili gita nilikuwa nalo kabla sijamjua mke wangu. Mke analalamika linambana kitandani."

"Kwani linalala kitandani?"

"Linalala katikati. Sasa wamezeeka wote wawili, wameanza kuoneana huruma." Akalipapasa. "Niwekee ngao kama hii. Usinipe hizi zenu za siku hizi zenye sura ya sakafu ya hospitali."

Ile ya zamani binti yangu aliitoa taratibu. Aliipasha joto kidogo, akapenyeza kisu butu chembamba, akafuata mkondo wa nyuzi za mbao, maana ukienda kinyume zinang'oka na ngao. Ufa akauziba kwa gundi na kipande cha mbao kutoka ndani. Kisha akafungua sanduku, akachagua bamba moja, akachora umbo, akakata kwa msumeno wa meno madogo, akaanza kukwangua kingo.

Siku zote akikwangua, sebule hunuka kafuri, kama kabati la nguo lililokaa muda bila kufunguliwa. Siku ile niliingia na chai nikasikia harufu nyingine. Kali, chachu, ya kukata pua.

"Mbona inanuka?"

"Inanuka nini?"

"Kama siki iliyomwagikia chuma."

"Mama." Hakuinua kichwa. "Jana ulisema waya wa pasi unanuka. Juzi ukasema jirani ananuka homa."

"Na homa alikuwa nayo."

"Kwako kila mtu ana homa. Weka chai pale, isimwagikie mbao."

Niliweka chai. Nina yowe la aina moja tu, na humu ndani wameshalizoea.

Mzee alipokuja kulichukua gita lake alilipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaliinamisha huku na huku madoa yacheze. "Basi," akasema, "mke sasa anahama kabisa." Aliondoka anacheka peke yake barabarani. Binti yangu alisimama mlangoni akimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, naye anatabasamu. Sikurudia habari ya siki.

Siku chache baadaye nilitoka kwenda dukani. Niliporudi, kabla sijafika mlango wa jikoni, harufu ya gesi ilinipokea nje. Niliingia mbio. Kitufe cha jiko kilikuwa kimelegea kidogo, chumba kimejaa, na Fundi wangu amesimama pale pale na sufuria ya chai, kiberiti mkononi, kijiti kimeshatoka.

Nilimpiga mkono. Kiberiti kikaruka, vijiti vikatawanyika sakafuni. Nilifunga gesi, nikafungua kila kilichofunguka, nikamvuta uani.

"Unataka kutuua? Hukusikia gesi yote ile?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua. Nikaelewa kwamba pua yake haisikii. Nikakaa juu ya ndoo.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Sijui, mama. Haiondoki kwa kelele. Siku moja nilijipaka manukato nikadhani yameisha nguvu. Nikanunua mengine."

"Na hukuniambia."

"Nikwambie ili iweje? Ulale macho?"

Iliyomharibu pua ilikuwa asetoni. Ni ile ile ambayo mdogo wake hutolea rangi ya kucha kwa pamba, yeye aliimimina kutoka chupa kubwa kulainisha na kuunganisha seluloidi, miaka nenda rudi, dirisha amelifunga vumbi lisishike kwenye kazi. Hivyo ndivyo alivyosema daktari niliyempeleka, au alisema huenda ni hiyo. Alimmulika puani, akamnusisha vichupa kimoja kimoja, na kila kimoja binti yangu akatikisa kichwa. Daktari akasema hakuna cha kushona mle. Huenda ikarudi yenyewe, huenda isirudi. Akae mbali na hizo dawa.

"Na nifanye kazi gani?" binti yangu akamwuliza.

Daktari alifunika vichupa vyake.

 Tulipofika nyumbani alikaa kwenye ukingo wa kochi, akanitazama.

"Ile siki. Uliisikia kweli?"

"Niliisikia."

Alikwenda moja kwa moja chini ya meza, akakata mkanda, akafungua sanduku. Mimi harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili. Yeye aliinama nayo usoni, hana habari, mpaka macho yakaanza kumtoka machozi kwa ukali wake. Bawaba za sanduku zilikuwa zimeota kutu na ukijani. Vitambaa vilikuwa na madoa ya manjano. Bamba la juu lilikuwa limetoa jasho, na alipolishika kwenye pembe lilimeguka kama biskuti.

Alimpigia fundi mwenzake wa mji mwingine, akaweka simu juu ya meza nisikie. Yule mtu aliuliza maswali machache. Alisema seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaoiozesha zaidi, yenyewe na jirani yake. Ikiwa pahali penye hewa, mvuke huondoka, maradhi huenda polepole. Ikifungiwa, inajinywesha sumu yake.

"Kwa hiyo kule kuyafunika ndiko kulikoyamaliza?"

"Dada, wote tulifundishwa kufunika."

Alimshukuru mara mbili. Kisha akampigia mzee wa bendi.

"Mzee, naomba unirudishie gita. Ile ngao inaumwa. Itaoza, na ikioza mvuke wake utakula nyuzi na vyuma na kuchafua mbao. Nitaitoa, nikubandikie nyingine."

"Ya sakafu ya hospitali?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hapana."

"Mzee, nisikilize..."

"Mimi mwenyewe magoti yanaliwa, mbona sijarudishwa dukani? Itaoza lini?"

"Sijui. Labda mwaka. Labda miwili. Labda imeshaanza."

"Mbona unasema kama daktari wangu! Haya, binti, tutaona nani atamtangulia mwenzake." Akacheka, akakata.

Alipiga tena, simu haikupokewa. Alibaki ameishika. "Atakuwa analipiga huko," akasema, "na kila atakayeuliza anamwambia nimetengeneza mimi."

Kesho yake tuliyatoa mabamba uani, kivulini. Tulitandika shuka kuukuu tukayapanga, kila moja mbali na mwenzake. Yaliyomeguka na yaliyotoa jasho yalikuwa wazi, tukayatumbukiza kwenye ndoo ya maji, maana kuyachoma ni hatari na kuyatupa makavu ni hatari zaidi. Yaliyobaki yote yalikuwa mazuri kwa macho. Alinisogezea kigoda.

"Nusa, mama."

"Mimi?"

"Kwani nina mwingine?"

Nikaanza. Alilikwangua kila bamba kwenye ukingo kwa wembe, akanipa, nikafumba macho. Kafuri, nasema zima. Siki, nasema bovu. Kila nikisema bovu, alilichukua akalitia majini, na lilipozama alilitazama kidogo kabla ya kunyoosha mkono kwa jingine. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. 

Naandika mambo yalivyokuwa. Kwenye kigoda kile nilijikuta naomba yote yawe mabovu, aache hii kazi, afungue hata duka la vocha, apumue kama watu. Kisha namtazama uso, naomba yote yawe mazima. Sijui ni maombi gani yaliyokuwa yananusa. Yale mazima machache tuliyokuwa tumeyatenga nikayarudia, na mengine yakageuka kuwa mabovu, na sikuweza kumwapia kwamba ni mabamba yaliyogeuka.

Likabaki moja. Lilikuwa kubwa kuliko yote, jekundu la kuiva, lina michirizi ya asali inayokwenda kama moshi. Alikuwa akililinda, nadhani, kwa gita ambalo lilikuwa bado halijafika. Nilinusa. Nikageuza uso, nikavuta hewa ya uani, nikanusa tena. Kila kitu kilikuwa kinanuka kila kitu: kafuri, siki, maji ya ndoo, vidole vyangu mwenyewe.

"Vipi?"

"Sijui, mwanangu."

"Sijui ya pua au sijui ya woga?"

"Siwezi kuzitenganisha."

Hakukasirika. Alilichukua, akaliweka chini ya pua yake, akavuta pumzi ndefu, macho amefumba, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza mlangoni. Akalishusha.

Aliingia ndani akarudi na uzi mpya wa gita, ule wa chuma, akaufungua kutoka kwenye karatasi yake, akakata kipande na kukilaza juu ya bamba.

"Ukishika kutu, tutajua ni bovu."

"Na usiposhika?"

"Tutajua kwamba bado."

Akainua ndoo kwa mikono miwili, akaenda nayo nyuma ya nyumba, maji yakimwagikia miguu. Mimi nilibaki kigodani. Uzi ulikuwa unang'aa. Nilikaa nikiutazama, na kila wingu lilipopita niliona kama umefifia.