Neno Aliloitwa Waceke

Waceke alikuwa fundi wa cherehani katika duka la sare za shule na mapazia pale Biashara Street, na mimi niliketi cherehani ya pili kutoka kwake. Kila asubuhi alitoka Mutuini, alikoishi na watoto wake na mumewe Wainaina, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na akishona alipenda kuimba nyimbo za kanisani bila maneno. Hakuwa mgomvi. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye wako waliodai kwamba alikuwa.

Mwaka wa 2004 mwenye duka, Mama Nisreen, alianza kusumbuliwa na magoti. Akawa anashinda kwake Parklands, na duka akamwachia meneja mpya aliyeitwa Mwaura. Huyu alikuwa kijana wa tai na viatu vya kung'aa, aliyezungumza Kiingereza hata na mama wa kuleta chai. Kabla hatujamzoea, akatangaza kwamba vitambaa vinapotea. Kuanzia jioni hiyo, akasema, wanawake wote watafungua mikoba mlangoni kabla ya kwenda nyumbani.

"Na wanaume je?" Waceke akauliza.

"Wanaume hawabebi mikoba."

Tukafungua. Tungefanyaje? Kila jioni tulipanga foleni, wateja wakitupita na watoto wao, na Mwaura akichungulia ndani ya mikoba yetu kwa kalamu, kana kwamba mna kitu cha kuuma. Siku moja aliumwaga mkoba wa Mishi juu ya kaunta. Mishi alikuwa mwenzetu kutoka Mombasa, mwenye kupenda kujistiri, na vitu vyake vya siri vilitawanyika mbele ya baba mmoja aliyekuja kununua kaptura. Mishi alivikusanya haraka haraka. Waceke alimsaidia.

Jioni iliyofuata Mwaura alikuwa na amri mpya. Mikoba haitoshi, alisema. Mtu anaweza kujifunga kitambaa kiunoni. Kwa hiyo Mwololo, askari wa mlango, atatupapasa mmoja mmoja. Mwololo alikuwa baba wa watu, Mkamba mpole aliyetuita dada. Alikodolea sakafu macho, hakutuangalia hata mmoja.

Waceke ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliuweka mkoba wake chini.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hatanishika. Mkoba yangu umeangalia kila siku, na umepata nini? Kibakuli ya githeri."

"Kama hujaiba, unaogopa nini?"

"Siogopi. Nimekataa."

Wapiga pasi kule nyuma waliziinua pasi zao. Mwaura alitoa simu, akampigia Mama Nisreen, akaanza kushtaki kwa Kiingereza cha haraka ili tusimfuate. Mimi nilidaka jina la Waceke, na neno moja alilolirudia akibana meno: *prickly*.

Waceke akajishika shingo. Neno hilo alilijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye mkebe wa poda aliyompaka Muthoni, kitinda mimba wake, alipokuwa mchanga na ngozi yake imejaa vipele vya joto. Akamwinamia Mishi na kumnong'oneza, "Ati anasema niko na harara?"

Mishi alikuwa amemaliza kidato cha nne na Kiingereza alikipenda. Licha ya yaliyompata jana yake, alicheka hadi akashika meza.

"La, mwenzangu. *Prickle* ni mwiba mdogo. Vile vijiba vya shina la waridi, ndivyo hivyo. Na ngozi ikikuchoma choma kwa joto au kwa hofu, huitwa hivyo hivyo, ndiyo maana ukaliona kwenye poda. Lakini mtu akiitwa *prickly*, maana yake hashikiki. Ukimgusa anakuchoma."

"Ni matusi?"

"Yeye amelitoa kama matusi. Sisi kwetu, mtu mwenye kijiba cha roho ni hasidi, hapendi mwenziwe apate. Hilo si lako. Lako wewe ni la kutoguswa ovyo."

Waceke alilitafakari kidogo. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, akaketi, akakunja mikono. "Basi mwambieni ni kweli. Na sitoki hapa mpaka Mama akuje."

Mishi akaenda kuketi. Nami nikaketi. Mmoja mmoja, foleni yote ikarudi kwenye viti. Mwaura alitisha kwamba tutafutwa kazi wote, akazima taa za upande wetu, akaziwasha tena alipoona wateja wanashangaa.

Mama Nisreen aliletwa na dereva, akaingia akiegemea mkongojo. Alimsikiliza Mwaura mpaka mwisho, ndipo akamgeukia Waceke.

"Nimeambiwa wewe hushikiki."

"Ni ukweli, Mama. Neno yenyewe nimefundishwa leo, na nimeipenda. Kama ni wizi unatafuta, pekua kila mtu, kuanzia ofisi. Kama si kila mtu, mimi usinihesabu."

Mama Nisreen alimgeukia meneja wake. "Haya. Mwaura, simama pale mlangoni. Mwololo, anza naye."

Mwaura akarudi nyuma hatua. "Mama! Mimi? Mbele ya watu?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye aliyasikia maneno yake mwenyewe, maana alianza kuirekebisha tai yake.

"Na hawa uliwasimamisha wapi?" Mama Nisreen akamwuliza. "Mambo haya yamekwisha leo." Kisha akamnyooshea Waceke mkongojo. "Nawe, siku nyingine nipigie simu kabla hujanifungia duka."

"Namba yako anayo yeye tu, Mama. Sisi hatujawahi kupewa."

Mama Nisreen alichukua chaki ya fundi kwenye meza ya kukatia, akaiandika namba yake ukutani kwa tarakimu kubwa.

Mwaura hakufukuzwa. Kwa muda mrefu alimpa Waceke mapazia mazito ambayo hakuna aliyeyataka, na Waceke aliyashona vizuri, bila kulalamika wala kumchekea. Vitambaa vilivyosemekana kupotea hatukujua kamwe vilikwenda wapi. Mwololo ndiye aliyefurahi kuliko sote, siku ya pili alituletea maembe kutoka kwao.

Baadaye sana, tukiwa tunashona sare za Januari, nilimwuliza Waceke lililokuwa likinikaa moyoni. Je, kama Mama Nisreen angeunga mkono upande wa Mwaura?

"Ningefutwa," akasema, akiukata uzi kwa meno. "Wainaina angenung'unika, halafu angenizoea. Lakini ile jioni ningefika nyumbani na hakuna mtu amenishika."

Akaivuta kaptura nyingine kutoka kwenye rundo.