Courant yenye ilirudi bila makelele

Sisi benye tulikomalia mutaa wa Katuba tunakumbuka: courant, ule umeme, ikirudi, mutaa muzima ulipiga makelele. Batoto baliruka mu barabara, bamama balipiga vigelegele, mwenye radio aliifungula mpaka mwisho. Kwetu tu hatukuruka. Papa alikuwa seremala, na masine yake ya kupasua mbao, pale mu lupango, mu kiwanja cha nyumba, ilikuwa na tabia moja: courant ikikatika inasimama, courant ikirudi inawaka yenyewe, haiulize muntu. Njo maana sheria yake ya kwanza ilikuwa kuchomoa fishi ya waya mu ukuta, mbele hata ya kupangusa jasho.

Alikuwa na zingine. Mikono ya shati, kunja. Rozari ya shingoni, itundike ku musumari. Bikira atakuona vile vile. Mbao ikibakia fupi, isukume na kijiti, hapana na vidole. Na muntu akiwa ku masine, usimuite kutoka nyuma, hata kama chakula kiko tayari. Tulikula bukari ya baridi mara mingi. Pengine hazikuwa mingi sana, lakini ninakumbuka hivyo.

Tonton Kasongo, ndugu mudogo wa mama, alitumika kazi na papa. Mwenye kumuita muzembe atamuonea. Alikuwa na hesabu yake: ngambo ya barabara courant ilikuwa inarudi kidogo mbele ya kwetu, kwa hiyo makelele ya kule yalimufikia kwanza.

"Shemeji, bale batoto njo sonnette yangu, kengele yangu. Nikibasikia, ninaondoa mukono."

"Batoto habalipwe na mimi," papa alimujibu.

Kusema haki, hesabu ile ilifanya kazi muda murefu.

Siku moja courant ilikatika mbao ikiwa nusu ndani. Tonton aliacha fishi mu ukuta, akaingiza mukono kuondoa vipande vyenye vilikwama ku meno. Ngambo kulikuwa kilio. Muzee mumoja alikufa, na batoto balikatazwa kupiga makelele. Tonton alijua, mbao ile ilikuwa ya sanduku ya kumuzika uyo muzee. Hakuwaza tu kama kilio kinanyamazisha hata sonnette yake. Courant ilirudi kule, bakanyamaza. Halafu ikafika kwetu.

Ilimukatia vidole viwili. Papa alichomoa fishi, akafunga mukono na shati yake, akamupeleka hospitali, akarudi kumaliza sanduku peke yake, juu marehemu hangeweza kungojea. Tonton alipofika ku kilio na bandeji, bamama ba kule balimupa kiti cha mbele.

"Pole, baba. Kweli ulimupenda marehemu."

Alisema asante.

Leo tonton iko na atelie yake ya useremala kule Annexe. Masine ni mupya: courant ikirudi, inangojea ubonyeze. Ninakubali, inapita ya papa. Batoto ba leo habaruke tena, banatafuta shaja. Vijana ba atelie banavaa gants kubwa za mikono ku masine, juu baliona mu telefone. Tonton anabavua: meno yakikamata gant, yanavuta na mukono.

"Pépé, hii ni sécurité!" vijana banamuambia babu yabo wa kazi.

"Ya nani?"

Courant ikikatika, bado anatembea mpaka ku ukuta.

"Pépé, hii ya sasa haiwake yenyewe!"

"Ninajua."

Mukono wake haukamate muzuri tena, fishi inamuponyoka. Nikiwa pale, mimi ninaichomoa, ninaishika mpaka amalize. Vijana banacheka, na mimi ninacheka nabo kidogo. Yeye anaingiza mukono ku meno, hageuke kuniangalia.