Mchicha wa Mama Lin

Jamani, mwenye mboga amenikuta na mwiko mkononi!

Leo niliona mchicha mwekundu umejiotea uani, hapa mtaani Bellevue, ugenini tunapopanga. Nikaung'oa wote na mizizi, kama tunavyofanya kwetu Tanga. Nikautia nazi.

Nikaonja. Eish! Tangu lini mchicha ukawa na ladha ya mnanaa?

Hodi! Mama Lin, jirani yetu Mchina. Akatazama sufuria, akatazama ndoo ya taka.

"Huo si mchicha. Ni zisu, kwetu tunapikia samaki. Mbegu aliniachia marehemu mama yangu."

Nyie, mwiko ulinitoka.

"Nisamehe mama, sikujua kama umepandwa."

Mume wangu kajaza mdomo, hatafuni wala hamezi.

"Unachuma jani moja moja," Mama Lin akasema. "Hung'oi."

Akapiga magoti, akachakura taka zangu, akapata mche mmoja mdogo wenye mizizi. Akaupanda kwenye kopo, akaliweka mlangoni. Kwangu, si kwake.

"Huu ukifa, usinisalimie tena."

Sasa nimekaa kizingitini naulinda, na jani la juu limeshaanza kulala. Niumwagie maji au niupeleke kivulini?

Jibuni upesi. Pazia la Mama Lin linacheza.