Ubavu wa Mbuzi Chini ya Hadubini

Mwezi wa pili tangu niolewe, nilikuwa bado namwogopa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Si kwamba alinikosea. Alikuwa mtu wa maneno machache, nami sikujua nyumba yao ya Mji wa Kale inataka nini kwa mke wa mwana. Asubuhi nikimwamkia ataitikia, kisha kila mtu ashike shughuli yake. Mimi nilikuwa nasomea kazi ya maabara, na wiki ile mwalimu aliniazima hadubini nikajizoeze nyumbani kabla ya mtihani, kwani kutambua aina za misuli na gegedu kulikuwa kunanishinda.

Ijumaa mavyaa alileta mbavu za mbuzi kutoka buchani Bondeni. Nikajikaza, nikaingia jikoni, nikamwomba anikatie ncha ya ubavu, ile nyeupe inayoteleza, ndiyo gegedu, na kipande kidogo cha nyama.

"Nikuchemshie kwanza?"

"La, mama, nataka vibichi."

Akaniangalia sana, akanipa. Nikapanda navyo chumbani. Gegedu nikalikata kwa wembe hadi likawa jembamba kama ganda la kitunguu, nikalitia tone la dawa ya rangi ya buluu, nikalifunika kwa kioo. Nyama nikaichambua kwa sindano, uzi baada ya uzi.

Kumbe huko chini habari ilikuwa imeshatoka. Alasiri dada zake mavyaa wawili waliingia na maembe mabichi na achari, wakanishika mikono, wakaniombea nijifungue salama. Mavyaa alikuwa amekata shauri kwamba bibi arusi anayetamani nyama mbichi ana mimba.

Ilibidi niwapandishe juu wajionee. Walipojua kisa chenyewe, walicheka mpaka mmoja akaketi ngazini. Mavyaa peke yake hakucheka. Aliona haya, akataka kurudi jikoni. Nikamvutia kiti, nikamwonyesha pa kuweka jicho.

Aliinama akatazama. Gegedu lilikuwa kama kioo chenye ukungu wa buluu, na ndani yake vishimo vidogo vya mviringo, kila kimoja na seli yake, vingine vimekaribiana viwili viwili kama pacha. Nikamweleza kwamba mle hampiti mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo maana gegedu likiumia huchelewa kupona. Akapapasa goti lake, ambalo siku nyingi lilimtaabisha kwenye ngazi.

"Basi silitukani tena," akasema. "Maskini, halina msaidizi."

Nikambadilishia kioo, nikamwekea nyama. Nyuzi ndefu zilijitokeza, kila uzi na mistari yake ya kukingama, mmoja wa giza, mmoja wa mwanga, imepangika sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umri wangu wote naikata nyama," akasema, "nisijue imefumwa hivi."

Hapo ndipo alipocheka, akanishika bega. Dada zake wakaanza kugombania kiti, na mle chumbani ikawa kama siku ya harusi. Pilau iliyoachwa jikoni ikashika chini. Tuliila hivyo hivyo kwa ile achari, na hakuna aliyelalamika.

Mtihani nilipita. Hadubini iliporudi kwa mwalimu, mavyaa alisikitika kunishinda, lakini alikuwa ameshazoea kupanda kwangu jioni, taratibu, akiliombea goti lake njiani. Tulizungumza hadi mume wangu akawa anauliza kama naye ana nafasi chumbani.