Macho ya Agastya

Machi 9. Jua kali, upepo hakuna. Fundi mchongaji wa mtaa wetu hugonga patasi mara tatu, kisha hupangusa jiwe kwa kiganja kilichokufa ganzi. Siku hiyo alibakiza macho tu kwenye sanamu ya Agastya, mhenga mfupi mwenye kitambi, ambaye hadithi zinasema alituletea lugha yetu huku kusini. Mlima Vindhya ulimwinamia apite, na hadi leo haujainuka. Akaingia Chokkalingam, mfadhili wa hekalu.

“Fundi, ondoa hilo tumbo. Watu watamcheka.”

“Mlima haukumcheka, bwana.”

“Kesho jioni nikilikuta, kazi zote za hekalu nampa mwingine.”

“Mpe. Ila asianze na tumbo lako, atamaliza patasi.”

Sisi majirani tuliokaa kibarazani kwake tulicheka. Fundi mwenyewe hakucheka. Alilipangusa tena lile tumbo, taratibu, kama la mtoto aliyeshiba. Kwetu, sanamu ikishafunguliwa macho, yaani ikishachongwa macho yake mwisho wa kazi, hakuna anayeruhusiwa kuigusa tena kwa patasi.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza, alioga, akachukua patasi yake ndogo kuliko zote, akamfungua Agastya macho yote mawili.