Zamu Yetu ya Jumuiya

Harufu ya machicha ya pombe ikinipata popote, huwaona wanajumuiya wa kanisani, tuliosali nao kwa zamu nyumba hadi nyumba, wamekaa uwanjani kwetu, Kabungu. Walikuja kumwonya mama aache kupika pombe. Katekista akasoma pale Yesu anapotaka ndugu aliyekosa aonywe. Bibi yangu akamwomba afungue pale anapotukataza kuhukumu. Wakabishana mpaka jua likaanza kushuka. Mama, aliyetoka kupalilia mpunga, alikuwa anasinzia.

"Nyie mkishaelewana," akasema, "mtaniambia."

Hawakuelewana. Ila zamu ya kusali kwetu ilipofika, waliipita nyumba yetu wakaenda kwa jirani. Mama alikuwa ameshafagia uwanja na kutandika mikeka. Akakaa katikati, akatuambia sisi watoto tuanze wimbo.